Naomba ushauri: nitajuaje umri wa matabaka ya Kilwa bila majivu ya volkano?

Habari zenu wakuu, hasa mliosoma jiolojia. Nina sampuli za uchorongaji za ule mfinyanzi wa kijivu wa Kilwa, nimeuloweka nikauchekecha mpaka nikapata foraminifera (visukuku vya viumbe vidogo sana vya baharini wenye gamba), aisee wamebaki safi wanang'aa kama vioo. Sasa Hantkenina, aina ya hao foraminifera wenye miiba, nawaona chini tu halafu juu wanakatika ghafla, na hao walitoweka kama miaka milioni 33.9 iliyopita, mwisho wa kipindi cha kijiolojia cha Eosini. Shida msimamizi anataka majivu ya volkano yenye zirkoni (madini yanayopimika umri kwa urani) ndo nipate umri wa namba, mi sijaona hata chembe! Kaboni 14 nayo haifiki huko kabisa, mwisho wake miaka 50,000 hivi. Je niongezee nanoplanktoni (visukuku vya mwani vidogo zaidi) na usumaku wa miamba (alama za kugeuka kwa sumaku ya dunia), au nikomae tu na majivu?