"Skin" kwa Kiswahili: ngozi, ganda, gamba au utando? Mnachagua vipi?

Mfasiri Tulivu
Wakuu, habari za siku nyingi. Natafsiri kijitabu cha kichaa cha mbwa kutoka Kiingereza, na neno moja limenikalisha macho siku ya 3 sasa: skin. Limo karibu kila ukurasa. Mnyama karamba skin, kucha zimekwaruza skin, skin "imevunjika", skin haijavunjika. Rasimu ya kwanza niliweka "ngozi" kote nikaendelea na safari. Jana nikasoma kwa sauti, nikakutana na sentensi yangu mwenyewe: "mate yakigusa ngozi iliyovunjika". Jamani, ngozi inavunjika? Kuvunjika ni kwa mfupa, kikombe, ahadi.

Hapo ndipo nikaanza kutilia shaka hata kule nilikodhani niko salama. Kiingereza kina skin ya mtu, ya kitunguu, ya maziwa, ya nyoka, ya ngoma. Sisi tuna ngozi, ganda, gamba, utando, na bila shaka yapo mengine. Mnayapimaje? Na hiyo "iliyovunjika" mngeiwekaje?

Binti Kamusi
Ndugu yangu, mimi hujiuliza kwanza: hicho kitu ni sehemu ya mwili wa mwenyewe, au ni kifuniko tu?

Ngozi ni ya mtu na mnyama, akiwa hai au akiwa amekufa. Hapa Kiswahili kina mkono mpana kuliko Kiingereza. Wafanyabiashara wa Kiingereza huita ya ng'ombe "hide", ya mbuzi na kondoo "skin", na ikishatengenezwa kiwandani inageuka "leather". Kwetu zote tatu ni ngozi. Viatu vya ngozi, ngozi ya mbuzi, ngozi kavu ya mtoto. Ukitaka kutofautisha unasema ngozi mbichi au ngozi iliyotengenezwa, basi.

Ganda ni la tunda, mbegu, yai. Nyanya ina ganda hata kama ni jembamba kiasi cha kuona mwanga kupitia humo. Ukimwambia mtu "toa ngozi ya nyanya" atakuelewa, ila atajua hujazaliwa na lugha hii. Mti una gome, hapo sina mjadala.

Utando ndio naupenda kuliko yote. Chemsha maziwa, uyaache yapoe bila kuyakoroga. Juu panajikunja kitu cheupe, ukikigusa kwa ncha ya kijiko kinakuja chote kama kitambaa kilicholowa. Ule ni utando, protini na mafuta yaliyoshikana maji yakipungua kwa juu. Rangi ya ukuta ikiachwa wazi kwenye kopo nayo inafanya utando. Neno linatokana na kutanda, kama mawingu yanavyotanda. Kwa hiyo skin ya kitu kilichojitandaza juu ya kimiminika ni utando, usihangaike zaidi.

Gamba ni la samaki na nyoka.

Mzee wa Lahaja
Binti, umesema vema, lakini gamba umelipita mbio. Samaki ana magamba, moja moja, unayaparua kwa kisu yanaruka. Chini yake kuna ngozi ya samaki. Nyoka ni habari nyingine: akijivua gamba, tunasema gamba, umoja, ingawa kilichobaki pale chini ni kifuniko chote kuanzia kichwani mpaka mkiani. Lakini nyoka huyo huyo akichunwa na kutengenezewa mkoba, huo ni mkoba wa ngozi ya nyoka, hakuna asemaye mkoba wa gamba. Kilichovuliwa na mwenyewe ni gamba, kilichochukuliwa kwa kisu ni ngozi. Kiingereza kinatumia skin kwa vyote viwili.

Na ngoma msiisahau. Ngozi ya ngoma ikishawambwa inaitwa kiwambo. Ndiyo maana wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kuna kiriba pia, ile ngozi nzima ya mnyama iliyoshonwa ikawa chombo cha maji au divai. Kijana anayetafsiri "ngozi ya divai" anakuwa ameacha kiriba chake nyumbani.

Mfasiri Tulivu
Shikamoo mzee. Kiriba nilikisoma utotoni, sikuwahi kukihusisha na skin. Ahsante sana.

Mchunaji
Mnazungumza majina tu. Tatizo la mleta mada liko kwenye vitendo.

Kiingereza kinatumia skin hiyo hiyo kama kitenzi: unaskini mbuzi, unaskini ndizi, mtoto kaskini goti. Kwetu kila kimoja kina kitenzi chake na ukikosea unachekesha. Mbuzi anachunwa. Ndizi inamenywa. Gome la mti linaambuliwa. Goti linachubuka. Aliyeungua na maji ya moto ngozi inababuka.

Nimechuna kwa miaka mingi, niwaeleze tofauti inatoka wapi. Ukishapasua kwa kisu kutoka shingoni hadi tumboni na kuzunguka miguu, kisu unakiweka chini. Unakunja ngumi unaisukuma kati ya ngozi na nyama, polepole, huku mkono wa pili unavuta ngozi. Inaachia kwa sauti ndogo kama nguo mbichi ikitengana. Ukiendelea na kisu utaitoboa, na ngozi yenye matundu haina bei. Kumenya ni kutupa ganda ule cha ndani. Kuchuna ni kutunza vyote viwili. Vitenzi viwili tofauti kwa sababu ni kazi mbili tofauti.

Kwa hiyo mkuu, usitafute jina la skin. Tafuta kitenzi, mara nyingi ngozi imeshaingia humo ndani. "Kachubuka" ni sentensi kamili, hakuna asiyejua kilichochubuka ni ngozi.

Nesi wa Zamu
Mchunaji kaniwahi. Naongeza la kitabibu, maana kwenye kichaa cha mbwa hizi tofauti ndizo zinazoamua mtu apewe tiba gani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una makundi 3. La 1: umemgusa au kumlisha mnyama, au amekuramba mahali ambapo ngozi haina jeraha. Hapo hakuna maambukizi. La 2: amekung'ata kidogo mahali pasipofunikwa na nguo, au amekukwaruza ukachubuka bila kutoka damu. Hapo unahitaji chanjo. La 3: meno au kucha zimepenya ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, mchubuko, au utando laini wa mdomo, pua na macho. Hapo ni chanjo pamoja na dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha na kulizunguka. Popo akikugusa moja kwa moja, unaingia kundi hilo la 3.

Sasa angalia maneno yako. Kukwaruza, kuchubua na kupenya ni ngazi tatu. Ukiziita zote "kuvunja ngozi", mama aliyeumiwa mwanawe hatajua yuko kundi gani. Na usisahau sentensi ya kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Mstari huo uandike kwa herufi kubwa.

Kalamu Nyeusi
Naingia na misemo, maana huko ndiko tafsiri nyingi ninazosoma zinakwama.

Mtu akisema kapona kwa "skin ya meno", Kiswahili kina kaponea chupuchupu, au kaponea tundu la sindano. Msemo wa Kiingereza unatoka kwenye kitabu cha Ayubu 19:20, na ulionekana katika Biblia ya Geneva ya 1560, kwa hiyo kama unatafsiri Biblia waache Ayubu na meno yake. Kwingine chupuchupu inatosha, tena ina sauti yake.

Kulowa mpaka kwenye skin ni kulowa chapachapa. Skin kutambaa kwa hofu au kinyaa ni mwili kusisimka. Uzuri wa skin tu tunao tayari: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyekonda akabaki skin na mifupa amekonda kama ng'onda. Tazameni, katika yote hayo neno ngozi halijaonekana hata mara moja.

Lenye kunipa shida ni mwenye skin nene, yule asiyeumizwa na maneno. Wengine wanaandika "ngozi ngumu". Mimi nasema amekuwa sugu, na sugu yenyewe ni ile ngozi iliyokakamaa kwenye kiganja cha mshika jembe. Ila angalia, sugu ina ukali. Mhalifu sugu, mdaiwa sugu. Ukitaka kumsifu mtu kwa uvumilivu, sema ana moyo mgumu wa kustahimili, au maneno hayamwingii. Mwenye skin nyembamba ni mwepesi wa kuumia.

Kijana wa Gemu
Wakubwa, na skin za kwenye gemu? Sisi tunasema skini tu, "nimenunua skini mpya". Kuna aliyependekeza "mwonekano", mwingine "vazi".

Binti Kamusi
Vazi, kwa maoni yangu. Mhusika ni yule yule, uwezo ule ule, kabadilisha anachovaa. Mwonekano ni pana mno, utachanganya na mpangilio wa skrini. Ila kama ni bunduki au gari ndiyo uliyobadilishia rangi, vazi halikai, hapo acheni skini.

Mfasiri Tulivu
Nimekaa nayo usiku kucha. Nimefuta "ngozi iliyovunjika" mara 9. Sasa nina:

"Mnyama akikuramba kwenye ngozi nzima, hakuna hatari. Akikukwaruza ukachubuka bila kutoka damu, nenda ukapate chanjo. Meno yakipenya ngozi, au mate yakiingia kwenye kidonda au mchubuko, nenda hospitali mara moja."

Mnaonaje?

Nesi wa Zamu
Umenyooka, ila "ngozi nzima" itoe leo hii. Msomaji mmoja ataelewa ngozi isiyo na jeraha, mwingine ataelewa ngozi yote, kana kwamba mbwa amemramba mwili mzima. Andika "mahali pasipo na kidonda wala mchubuko". Na kuosha kwa dakika 15 kuje kabla ya neno hospitali, kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza, hapo hapo nyumbani.

Mfasiri Tulivu
Nimebadilisha zote mbili. Ahsante dada.