Tupeane uzoefu: mwigizaji mbovu, au TV yako ndiyo inamharibu?

Shabiki wa Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Muvi ni ile ile, mmoja anasema jamaa hajui kuigiza, mwenzake ameitazama mpaka machozi. Tupeane uzoefu wa kumpima mwigizaji kwa haki: picha, sauti, maandishi ya chini ya picha, muvi za kutafsiriwa. Wa banda umiza na wa sebuleni wote karibuni.

Naanza na mharibifu mkuu. Muvi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. TV za kisasa hujitungia picha za katikati ili mwendo uwe laini, na hapo muvi ya gharama kubwa inageuka kama igizo la studio: mtu anateleza badala ya kutembea, kilio chake kinaonekana cha bandia. LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus na kwenye matoleo mapya Picture Clarity. Ingia menyu ya picha, izime kabisa. Tom Cruise mwenyewe alitoa video mwaka 2018 akiwaomba watu waizime. Simba na Yanga wakiingia uwanjani, unaweza kuirudisha.

Fundi wa Majengo
Umegonga penyewe mkuu. Kwenye hali ya picha toa pia Vivid au Dynamic, weka Movie au Cinema. Rangi kali ni za kuvutia wateja dukani kwenye taa nyingi. Ukibadilisha utaiona njano siku za mwanzo, vumilia, macho yatazoea. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi kwenye Vivid, maana vivuli vinamezwa. Viola Davis anaigiza kwa misuli midogo ya mdomo na mashavu. Vivuli vikipotea, nusu ya kazi yake huioni.

Sauti sasa. Ukisikia mabomu yanapasua na maongezi hayasikiki, usimlaumu mtu kwamba anamumunya maneno. Muvi nyingi zina sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na sabufa, ambapo maongezi yanakaa kwenye spika ya katikati. TV yako ina spika mbili, tena nyingine zinatazama chini au ukutani. Dawa: kwenye menyu ya sauti chagua PCM au stereo. Kama unatumia sabufa, punguza besi. Herufi kama s, t, f na k zinategemea sauti za juu, besi ikizidi zinafunikwa. Kwa kompyuta, VLC (programu ya kuchezea video) ina kompresa kwenye athari za sauti, inashusha mlipuko na kuinua mnong'ono.

Dada wa Area C
Kaka zangu, mmesahau kitu kikubwa: sauti unayoisikia huenda si ya mwigizaji. Filamu za Bruce Lee za Hong Kong zilipigwa bila sauti, maneno yakapachikwa studio baadaye. Kwa hiyo midomo kutokwenda na maneno si kosa lake. Filamu za Kihindi nazo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi zilipachikwa sauti vivyo hivyo. Sridevi miaka ya mwanzo alisemewa na watu wengine kwa sababu Kihindi chake hakikuwa kizuri. Alianza kusikika kwa sauti yake kwenye Chandni, 1989. Mtu anayesifia sauti yake ya kabla ya hapo anamsifia mwingine!

Mzee wa Chang'ombe
Wanangu, na muvi za DJ je? Msizitupe.

Dada wa Area C
Hatuzitupi mzee wangu, shikamoo. Ila DJ ni mmoja anasema kwa niaba ya wote, mke, jambazi na mtoto, na sauti ya asili ameishusha. Kwa Jackie Chan hupungukiwi, mwili wake unaongea. Kwa Denzel Washington umepungukiwa sana. Yule kazi yake iko kwenye kusita kabla ya neno. Hapo tafuta maandishi.

Shabiki wa Nkuhungu
Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho, kwenye VLC bonyeza G au H, kila mguso ni milisekunde 50. Yakianza sawa halafu yakazidi kuachana, faili la maandishi lilitengenezwa kwa kasi nyingine ya picha. Kati ya picha 23.976 na 25 kwa sekunde, saa moja ikipita tofauti ni kama dakika mbili na nusu. G na H hazitakusaidia, tafuta faili la toleo lako.

Fundi wa Majengo
Bongo Movie nazo tuzitendee haki. Ukisikia mwangwi wa chumba na majirani wanachota maji, maiki ilikuwa juu ya kamera, mita tatu huko. Maiki ya kola inakaa kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu. Kwa upepo wa huku kwetu bila kifuniko cha manyoya utasikia ngurumo tu, na hapo hata marehemu Kanumba angeonekana anapiga kelele. Jua la saa sita nalo linachimba mashimo ya kivuli machoni. Ubao mweupe chini ya kidevu ungetosha kuyaondoa.

Dada wa Area C
Sikubali yote, fundi. Wapo wabovu hata kwa maiki ya dhahabu. Zima sauti dakika mbili, mtazame asiyeongea. Anayesubiri tu zamu yake utamjua: macho ameyakaza kwenye mdomo wa mwenzake, hewa anaivuta mapema. King Majuto alikuwa anachekesha akiwa kimya, anamsikiliza mwenzake tu. Na machozi: tone la gliserini linateremka shavuni huku jicho jeupe pee. Ya menthol angalau jicho linawasha, linakuwa jekundu.

Mzee wa Chang'ombe
Marhaba binti. Na bandani kwetu watu wanaonekana wafupi na wanene?

Fundi wa Majengo
Mzee, projekta imelazimishwa kuvuta picha. Tafuta aspect (umbo la picha), weka auto. Mistari myeusi juu na chini iacheni, ukizoom unawakata watu wa pembeni. Na chujio la hewa lipulizwe vumbi kila wiki kipindi cha upepo, likiziba taa inachemka na kufa mapema.