Perege wa asili wa Ziwa Jipe, naweza kuzalisha vifaranga Himo nikawarudishe ziwani?

Mtoto wa Himo
Habarini wakuu. Nipo Himo, nna mabwawa mawili ya turubai ya kambare. Babu yangu alikuwa mvuvi Jipe na anasema perege wa zamani wa kule siku hizi kumpata ni bahati, wamejaa samaki wa kuja na matete yamefunga maji. Inaniuma sana. Nataka nizalishe vifaranga nikawamwage ziwani. Kuna sehemu wanauza vifaranga vya sato madume watupu, nianze na hao? Na baridi ya mwezi wa 7 nifanyeje?

Mzee wa Hapa
Mwanangu usimwage sato ziwani, nakuomba sana. Sato anazaana na perege wa asili, watoto wanatoka chotara na baada ya vizazi kadhaa huna tena perege wa Jipe, umemmaliza wewe mwenyewe ukidhani unamsaidia. Hao madume watupu ndo kabisa, wamelishwa homoni wakiwa wadogo ili wote wawe madume, ni wa biashara. Mimi nishauziwa vifaranga naambiwa ni perege wa asili, walivyokua naangalia mkia, mistari myembamba ya wima imepangana kama kitenge, ni sato! Miezi 5 ya chakula imepotea.

Wazazi watoke Jipe kwenyewe, na wawe wengi, maana ukizalisha kwa jike 3 na dume 1 ukoo mzima unakuwa ndugu. Waweke kwenye "hapa", yaani kizimba cha wavu wa matundu madogo, ndani ya bwawa. Jike akishataga anabeba mayai mdomoni, utamjua kidevu kimevimba na chakula hagusi. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, mfungue mdomo taratibu juu ya beseni, mayai yanadondoka ya njano kama punje za mtama. Yatie kwenye chupa maji yaingie kwa chini yawe yanazungukazunguka polepole, yakitulia yanaota ukungu. Baridi isikuumize kichwa, maji yakishuka chini ya nyuzi 22 hivi hawatagi, we subiri joto lirudi.

Dada Kahe
Shikamoo Mzee. Naongezea kuhusu mbegu. Marekani kuna samaki mkubwa mla samaki wenzie anaitwa maskelanji, walipoanza kumrudisha Green Bay kule Wisconsin mwaka 1989 walitafuta mbegu ya Great Lakes yenyewe, yale maziwa makubwa ya hukohuko, sio maskelanji wa popote. Na vifaranga vyake vinalana vyenyewe kwa vyenyewe kwa hiyo wanavilisha samaki wadogo hai na kuvilea mpaka viwe vikubwa ndo viachiwe. Perege halani hivyo lakini na wewe usiachie vidogo kama kiberiti, kambare watashukuru.

Halafu angalia ngege, naye ni jamii ya perege, kwao Ziwa Victoria alizidiwa na sangara na sato walioletwa miaka ya 1950, leo anavuliwa bwawa la Nyumba ya Mungu ambako yeye ndo mgeni. Samaki akishahamishwa humrudishi nyuma. Kabla ya kumwaga hata mmoja nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, na watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wakuangalizie wazazi.

Mtoto wa Himo
Asanteni sana jamani. Sato basi. Jumamosi naenda Jipe na babu, macho yake bado yanamjua perege wa zamani, tukipata nawaleta picha za mikia hapa Mzee uzione kwanza kabla sijawaingiza bwawani.

Mzee wa Hapa
Piga ukiwa umeufungua mkia wote, na uwe umelowa. Ukikauka mistari inapotea.