Mjadala: Gesi ya Hoima tuichome kwenye turbini, au maji ya Nile yanatosha?

Mtu wa Masindi: Ndugu zangu, watafiti wanajaribu kupoza mapanga, yaani mabawa yanayozungushwa na gesi ya moto, ya turbini za gesi za kuzalisha umeme kwa hewa inayopulizwa kwa vipigo, ikatike na kurudi, badala ya kumiminika mfululizo. Gesi itakayotoka na mafuta ya Hoima, hapa kwetu Uganda, kwa nini tusiipeleke kwenye turbini za namna hiyo?

Mama Jinja: Turbini za nini? Nalubaale, bwawa letu la umeme hapa Jinja, ilijengwa enzi za Amin na bado inazunguka. Bwawa la Karuma nalo megawati 600. Maji ni bure. Mambo ya kupuliza chuma waachieni mafundi wa kuchomelea vyuma wa Katwe, Kampala.

Fundi Katwe: Nnyabo, umenigusa pabaya. Milango ya shule wanakosoma watoto wako imechomelewa na nani?

Wa Lira: Amin wapi! Nalubaale ilifunguliwa 1954, na Malkia Elizabeth mwenyewe. Na hayo maji ya bure, 2006 ulikuwa wapi? Ziwa Victoria lilishuka, tukalala giza kwa zamu.

Mwanafunzi wa Uhandisi: Turudi kwenye swali jamani. Gesi ya moto inayoingia kwenye mapanga hupita nyuzi joto 1,500 za Selsiasi, na aloi ya nikeli, yaani mchanganyiko wa metali unaotengeneza mapanga, huyeyuka kabla ya hapo. Kwa hiyo hewa huchotwa kwenye kompresa, sehemu ya turbini inayoigandamiza hewa, ikatolewa kwenye vitundu vya panga, ikalifunika kama utando. Ila hewa iliyochotwa imekwisha gharimu kazi, lazima itumike kidogo. Ikipulizwa kwa nguvu mno inaruka juu, chuma kinabaki wazi. Vipigo vikilingana na mwendo wa gesi huweza kuilaza hewa. Visipolingana, utando unakatika na panga linaungua zaidi. Majaribio mengine yamefaulu, mengine yamepoteza. Bado ni kazi ya maabara, ssebo wa Masindi, si kitu cha kuagiza.

Fundi Katwe: Hewa ya kompresa yenyewe ni ya moto. Inapozaje?

Mwanafunzi wa Uhandisi: Ni mamia ya nyuzi, kweli. Lakini iko chini sana ya 1,500.

Fundi Katwe: Nimekuelewa. Umenijibu kama mtu. Mama Jinja bado hajanijibu.

Mama Jinja: Geti langu la Walukuba limetoka Katwe, na bawaba zilikatika mwaka wa kwanza!

Fundi Katwe: Ulilipia chuma cha unene gani?

Wa Lira: Na 2006 je, mama?

Mama Jinja: Kwanza amalize habari ya bawaba.