Kamera za mwendo mitaani: zinaokoa watu au zinakusanya faini?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Kamera inayopiga picha namba ya gari lililozidisha mwendo na kumtumia mwenye gari faini, bila trafiki kusimama pale: tuikubali kwenye mitaa tunayoishi? Mimi naikubali. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa na lililo kwenye 50. Tofauti ni kilomita 15, ambazo dereva aliyezoea barabara hata hazisikii. Sharti langu ni moja: kampuni inayofunga kamera isilipwe kwa idadi ya faini. Ikilipwa hivyo itatafuta mteremko, shule itaiacha.

Mchangiaji 1: Umegusa penyewe kisha ukapita haraka. Barabara pana, imenyooka, nyumba hakuna, kibao cha 50 kimefunikwa na matawi, na kamera iko mbele kidogo tu. Huo ni mtego. Chicago, ofisa wa jiji aliyesimamia kamera za taa nyekundu alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2016 kwa kula rushwa ya kampuni iliyoziuza. Najua zile hazikuwa za mwendo, lakini biashara ni ile ile.

Mchangiaji 2: Mkuu, kwani trafiki mwenye tochi hali rushwa? Kamera angalau huwezi kuiambia "tuelewane". Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 35, na ajali karibu na kamera zilipungua kwa asilimia 8 hadi 49. Wenyewe walisema ubora wa tafiti hizo si wa kujivunia, lakini zote zilielekea upande mmoja.

Mchangiaji 3: "Karibu na kamera", ndiyo. Akishaipita anakanyaga mafuta. Dawa ni kamera mbili zinazopima muda kati yake. Kipande cha kilomita 3 chenye kikomo cha 60 kinataka dakika 3. Ukitokea upande wa pili baada ya dakika 2, umekwenda 90, na breki ya dakika ya mwisho haikusaidii.

Mchangiaji 4: Na mimi ninayemwachia mtu gari? New York, kamera za maeneo ya shule humtoza mwenye gari dola 50 bila kugusa pointi za leseni. Kwa tajiri hiyo ni ada ya kuwahi tu. Finland wana akili zaidi, mwendo ukizidi sana faini inapimwa kwa kipato.

Mchangiaji 1: Wekeni matuta, yamalize ubishi. Tuta halina kampuni.

Mleta mada: Tuta linalikwamisha na gari la wagonjwa pia, ndugu yangu. La mtego nimekuelewa, kwa hiyo naongeza sharti: rekodi ya ajali za sehemu husika ibandikwe hadharani kabla kamera haijafungwa, na kibao kionekane. Faini ya kipato naiunga mkono. Mchangiaji 3, kamera zako mbili naziona zinafaa barabara kuu. Mtaani mtu anasimama dukani dakika tano, halafu anapita mbele ya shule kwa 80, na wastani wake bado unasoma vizuri. Hapo unafanyaje?