Mechi za Championship Mtwara: tuanze na geti, ratiba au nyasi?

Mdau_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Ndanda, timu ya hapa Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu 2014, uwanjani Nangwanda Sijaona palikuwa na mvuto kwa sababu Simba na Yanga walikuwa wanakuja. Kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mgeni wengi hawamjui, na mechi inaweza kuangukia katikati ya wiki saa 10 jioni. Timu yenye bajeti ndogo, uwanja usio na taa, ianze kurekebisha nini ili watu warudi?

Mzee_wa_Geti
Geti, mkuu. Watu wa hapa wanafika saa 9 na nusu. Ukimuuzia mtu tiketi palepale mlangoni, anatoa noti ya elfu kumi, unatafuta chenji, unakata kishina: sekunde 20 zimekwenda. Geti moja linapitisha watu 90 kwa nusu saa. Wakija 400, wa mwisho anaingia mpira unakaribia kuisha. Wakiiona hiyo foleni wanarudi nyumbani, au wanatafuta tundu ukutani.

Weka vibanda viwili vya kuuzia mita 30 kutoka mlangoni, chenji iandaliwe tangu asubuhi. Getini abaki wa kuchana tiketi tu. Akitumia sekunde 5 kwa mtu, nusu saa ni watu 360. Na hili msilegeze hata siku moja: anayeuza asichane, anayechana asiuze. Mmoja akishika kazi zote mbili, tiketi iliyotumika inarudi nje kuuzwa tena, na jioni vishina havilingani na vichwa vya jukwaani. Andikeni namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu kabla ya kukikabidhi.

Bei: mzunguko (jukwaa la kawaida) 2,000, mtoto 500. Mtoto mdogo haji peke yake, huja na mkubwa anayelipa.

Mtanda_Lindi
Ratiba nayo inaua. Mpira ukianza saa 10, ukijumlisha mapumziko na dakika za nyongeza, unaisha saa 12 kasoro. Mwezi wa sita jua la kusini linazama saa 12 na dakika chache tu. Gari la wagonjwa likichelewa nusu saa, mwamuzi haanzi, na mwisho wake ni giza. Gari liwe uwanjani saa 8 na nusu.

Ramadhani msipigie hesabu mapato ya mlangoni, filimbi ya mwisho inagongana na futari. Nguvu ya matangazo wekeni Novemba, minada ya korosho imeshaanza na wakulima wanalipwa. Gari la matangazo lifike hadi Nanyamba na Tandahimba, lisizunguke mjini tu.

Ukoka_Mikindani
Yote sawa, ila nyasi zisisubiri. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Milimita 5 za maji ni lita 35,700, yaani maboza manne ya lita 10,000, la nne halijai. Kiangazi fanyeni hivyo mara tatu kwa wiki, alfajiri. Kumwaga ya wiki nzima kwa siku moja ni hasara: mchanga wa pwani hauyashiki, yanazama chini ya mizizi.

Vipara vya golini msivijaze mchanga mtupu, hapo ndipo vifundo vya miguu vinapoteguka. Chimbueni sentimeta 10, changanyeni samadi iliyooza, pandeni vipande vya ukoka kila sentimeta 15 mvua za Desemba zikishika. Makipa wafanyie mazoezi pembeni mpaka pashike.

Mdau_Shangani
Asanteni sana. Maboza manne mara tatu kwa wiki ni mzigo mkubwa. Kisima je?

Ukoka_Mikindani
Kisima ni sawa, lakini pimeni chumvi kwanza. Karibu na bahari, ukivuta kwa pampu kubwa kiangazi kikikolea, maji ya chumvi yanapanda. Ukoka unavumilia kiasi. Ncha za majani zikianza kuungua, ujue imezidi. Tumieni pampu ndogo, ijaze matangi polepole usiku kucha. Maji yasipotosha, yaende kwanza kwenye magoli mawili na katikati, huko ndiko ukoka hufa mapema.