Tupeane uzoefu: ni maajabu gani ya viumbe wadogo umeyaona hapo hapo nyumbani kwako?

Mpangaji wa Uani: Wadau, kwema? Juzi umeme umekatika, bando limeisha, nikabaki nakodolea macho ukuta. Pembeni ya dirisha kuna nyigu, yule mwenye kiuno chembamba, anafinyanga tope. Siku zote nilimwona mchafuzi wa rangi tu. Kumbe analeta donge, analipaka kwa mdomo, anaondoka, anarudi. Chumba kilipokamilika akaleta buibui, mzima lakini hajitingishi! Akamsokomeza, akafuata mwingine. Mwalimu wa baiolojia hapa mtaani kanieleza: buibui kadungwa sumu ya kumpoozesha tu, ili mtoto wa nyigu akitoka yaini akute nyama mbichi. Friji isiyotaka umeme, na maziwa yangu yamechacha. Haya, leteni yenu.

Binti Pangani: Hao ninao kwenye tundu la soketi.

Mjukuu wa Tukuyu: Umenikumbusha uvunguni mwa ghala la babu. Vile vishimo vya duara kwenye vumbi, sisimizi akiteleza tu, kadudu ka chini kanamrushia mchanga mpaka anaporomoka kwenye taya. Tulikuwa tunakachokoa kwa kijiti. Kakikua kanaota mabawa kanaruka kama kereng'ende. Na muda wote kakiwa shimoni hakaendi haja kubwa, kanangoja mpaka kaote mabawa.

Mzee wa Fitina: Ulikuwa unakalinda chooni?

Mama wa Marangu: Ngojeni niwape ya siafu. Masika, mvua imenyesha kutwa nzima, mume kasafiri. Saa nane usiku nasikia kuku wanapigapiga mabawa bandani. Nikajua kicheche. Nashika tochi, nafungua mlango wa jikoni, sakafu yote inatembea! Wa kwanza kaning'ata kisiginoni, wa pili sisemi wapi. Nikanyakua watoto, tukatokea dirishani, nikaingia kwa mama mkwe nimejifunga shuka, khanga niliivulia njiani. Hadi leo ananikumbusha kila sikukuu. Kuku aliyekuwa amelalia vifaranga, yeye na vifaranga wake, hakupona hata mmoja, kwa sababu banda lilikuwa limefungwa, wangekimbilia wapi?

Asubuhi narudi na hasira zangu, msafara bado unapita kizingitini. Askari wenye vichwa vikubwa wamejipanga pande zote mbili, taya juu, wadogo wanapita katikati wamebeba watoto wao. Na hawa wote ni vipofu, wanafuata harufu tu! Nilisimama pale sijui muda gani, mama mkwe ananiita chai sisikii. Nilipoingia ndani, mende kabatini hakuna. Kunguni wa kitanda cha wageni, hakuna.

Mzee wa Fitina: Chai hii. Siafu amalize kuku?

Mama wa Marangu: Njoo ulale huku masika.

Fundi Bomba: Si chai. Kwetu Bukoba walimaliza sungura.

Dereva Mstaafu: Mwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba.

Fundi Bomba: Mafuta yanawatawanya, utawakuta kitandani. Majivu ya moto ndiyo dawa.

Binti Pangani: Waacheni wapite, wanafanya usafi bure. Beba godoro uhame usiku mmoja.

Mpangaji wa Uani: Jamani, mada ilikuwa maajabu, mmeigeuza vita ya siafu.

Shemeji Lushoto: Mimi kinyonga. Alikuwa kijani kwenye ua wa michongoma, mtoto akamweka juu ya kitenge chekundu tuone. Wapi! Akawa mweusi tii, akafungua mdomo akatukoromea. Rangi ile ni hasira na joto na baridi, habari za kufuata nguo ni za vijiweni.

Dereva Mstaafu: Kinyonga ana sumu, ua haraka.

Shemeji Lushoto: Hana sumu hata chembe. Mnaua mla nzi halafu mnalia nzi.

Dereva Mstaafu: Sisi tumekua tukiambiwa hivyo na wazee. Wewe nani?

Shemeji Lushoto: Mwenye kinyonga.

Kijana wa Mbagala: Mnana wa kwenye mnazi wetu: dume anafuma kiota, jike anakuja kukagua. Asiporidhika, dume anakifumua na kuanza upya. Mwenye nyumba wangu bati linavuja tangu vuli na kodi kapandisha.

Binti Pangani: 😂😂 Mkague na wewe.

Dereva Mstaafu: Narudia, mafuta ya taa.

Mama wa Marangu: Wewe wa mafuta ya taa usikanyage kwangu, nyumba yenyewe ya mbao.